Vijitu vya Masaka

Kijitu cha kwanza alichokitengeneza Jovia kilipita ukutani. Kilianza katikati ya skrini, nukta nyekundu isiyozidi punje ya mtama, kikapiga hatua, kikapiga nyingine, kikaufikia ukuta wa kanisa, kikaupenya kana kwamba ukuta ni moshi, kikaenda zake mpaka kikatoweka nje ya ramani.

Bruce, aliyekaa meza ya jirani, alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chake cha chai chini.

"Umemwambia aende," alisema. "Hujamwambia kama ukuta iko."

"Si anauona? Uko pale mbele yake."

"Wewe ndiyo unauona, dada Jovia. Yeye haoni kitu. Anajua ile tu umemwambia."

Bruce alikulia Kampala, na Kiswahili chake alikiokota barabarani, lakini programu za kompyuta alizisomea chuo kikuu na alizijua vizuri. Jovia alikuwa mchora ramani katika ofisi yao ndogo ya wasanifu majengo, ghorofa ya juu, mkabala na soko la Kimironko jijini Kigali. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa msichana wa shule. Hakuwa mtu wa kuogopa kitu kwa sababu tu ni kipya.

"Basi nitamwambia," alisema, akavuta kiti karibu na meza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kanisa lake mwenyewe. Waumini wake wengi ni familia zilizorudi kutoka Tanzania, bado wanasali kwa Kiswahili, na kwa miaka walikuwa wanakutana chini ya hema kwenye kiwanja kule Masaka, pembeni mwa jiji, kati ya shamba la maharage na nyumba mpya zinazochipuka kila mwezi. Sasa walikuwa wanajenga. Ramani alichora Jovia: ukumbi mpana, milango miwili mikubwa kwa nyuma, madhabahu mbele, na nyuma ya madhabahu chumba cha watoto, kinachofikiwa kwa korido fupi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee Damascène, mwalimu mkuu mstaafu, aliitazama ramani ile siku nyingi kisha akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, watu wote wakitaka kutoka kwa pamoja, watatoka?"

Jovia angeweza kumjibu kwa vipimo vya milango. Vipimo vilikuwa sahihi. Lakini alitaka kuwaona watu wenyewe wakitoka, na Bruce ndiye aliyemwambia kwamba inawezekana: unatengeneza vijitu kwenye kompyuta, unaviweka ndani ya ramani, unavipa maagizo, unaviachia.

Akaanza na macho. Aliagiza kila kijitu, kabla ya kupiga hatua, kitazame mbele yake. Kikikuta ukuta, kigeuke. Vijitu vikaacha kupenya, lakini vikaenda kujibana kwenye kona, vikitetemeka, kila vikigeuka vinakutana na ukuta mwingine, kama mbuzi waliofungiwa chooni. Akaongeza bahati nasibu kidogo: kila kimoja kijichagulie chenyewe kigeuke kiasi gani. Kona zikafunguka. Halafu akaona vinapandana, vitano mahali pa kimoja, akaviagiza kwamba palipo na kingine hapaingiliki. Hapo ndipo vilipoanza kujaa mlangoni na kusubiriana, na Jovia alijikuta anatabasamu, maana vilifanana na watu wanaotoka harusini.

Akaipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Ukichora ukuta, umeamua utakaa wapi, basi. Hapa alitoa maagizo mafupi, akakunja mikono na kungoja kuona vitafanya nini.

"Huwaongozi," Bruce alimwambia. "Unawapa tabia. Kutembea wanatembea wenyewe."

Akaviagiza vyote viende kwenye mlango ulio karibu. Akatenganisha mwendo: vijana rangi ya bluu, haraka, wazee rangi ya kijani, polepole. Ilipokuwa tayari, alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Masaka, kompyuta begani, akamwonyesha mzee Damascène pale pale kiwanjani juu ya meza ya mafundi. Nukta zilimiminika kwenye milango miwili, zikasongamana kidogo, zikaisha. Ukumbi ukabaki mweupe.

"Wote wametoka?"

"Wote, mzee."

"Hata vikongwe?"

"Ndio wale wa kijani. Hata wao."

"Imana ishimwe," mzee alisema, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda kama alivyozoea akifurahi. Wiki hiyo hiyo mafundi wakaanza kuchimba msingi.

Jumapili iliyofuata upepo uliwakuta waumini katikati ya mahubiri.

Jovia alikuwa amekaa safu za nyuma, karibu na upande wa hema ulio wazi. Binti yake, Ikirezi, alikuwa mbele kabisa, kwenye hema dogo la watoto lililounganishwa na lile kubwa kwa kipande cha turubai nyuma ya madhabahu. Kwanza turubai lilivuma. Kisha upepo ukaingia chini yake, ukalinyanyua, nguzo zikang'oka, na mvua ya mawe ikaanza kupiga.

Watu wakainuka. Uwanja ulikuwa pale pale, hatua chache tu kutoka alipokaa. Ndiyo njia ambayo kijitu chake chochote kingeishika. Jovia hakuishika. Aligeukia madhabahuni akaanza kusukuma, kiwiko mbele, akipishana na watu waliokuwa wanamjia usoni. Alimkanyaga mtu. Mtu mwingine alimvuta kitenge. Kando yake mama mmoja wa kwaya alikuwa anasukuma kuelekea kule kule, na baba mmoja alikuwa amepanda juu ya benchi, akiita jina la mwanawe kwa sauti iliyopasuka.

Na katikati ya kubanwa huko, pumzi ikimpita kwa shida, wazo likamjia wazi kama mtu amemsemesha sikioni: hakuna kijitu changu hata kimoja kinachofanya hivi.

Alipofika, hema la watoto lilikuwa tupu. Viti vidogo vimepinduka, hakuna mtoto. Wazazi waliomtangulia walikuwa wanazunguka humo wakilia. Kumbe Mukabalisa, mwalimu wa watoto, alikuwa amenyanyua turubai kwa nyuma mara tu upepo ulipovuma, akawatoa wote na kuwaingiza kwenye baraza la jirani. Kisha akarudi ndani kuwaambia wazazi kwamba watoto wako salama, na wazazi, katika kukimbilia watoto, wakamwangusha. Jovia alimkuta amekaa chini kwenye matope, mkono ameupakata.

"Wametoka," Mukabalisa alikuwa anarudia. "Wametoka wote, yewe! Mbona mnaniua bure?"

Ikirezi alikutwa barazani, mkavu, anakula ndizi aliyopewa na mwenye nyumba. Mkono wa Mukabalisa ulikuwa umevunjika.

Jumatatu asubuhi Jovia alifika ofisini kabla ya wengine. Bruce alipoingia na chai yake, kwenye skrini kulikuwa na mambo mapya. Chumba cha watoto kilijaa nukta ndogo za njano. Ukumbini baadhi ya vijitu vilikuwa vyekundu, na hivyo havikuelekea mlangoni. Vilikuwa vinakwenda mbele, kwenye korido, huku vilivyobaki vikirudi nyuma. Mikondo miwili ikakutana katikati ya ukumbi ikashikana. Mdomo wa korido ulikuwa doa jekundu lisilosogea.

"Eh! Umeiharibu," Bruce alisema. "Ijumaa si ilikuwa inatoka poa?"

"Ya Ijumaa ndiyo ilikuwa mbovu. Nilitengeneza watu wasio na watoto."

Akamsimulia. Bruce alisikiliza akiwa amesimama, na chai ikapoa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Si unawekea watoto mlango wao wa nje? Wanatokea nyuma, wazazi hawana haja ya kuingia."

"Nimeweka. Tazama."

Aliufungua mlango wa nyuma kwenye ramani. Nukta za njano zikatoka haraka, zikatulia kwenye nyasi. Na vile vyekundu vikaendelea kusukumana kwenye korido, vikikitafuta chumba ambacho hakikuwa na mtu.

Bruce akakuna kichwa. "Sasa hawa wanatafuta nini? Watoto iko nje!"

"Hawajui," Jovia alisema. "Uliniambia mwenyewe siku ile. Kinajua kile tu nilichokiambia. Nimekiambia kitafute mtoto. Sijakipa namna ya kujua kwamba mtoto keshatoka."

Alijibu kabla hajajua kwamba ana jibu. Akaitazama ramani, akaweka kidole kwenye ukuta unaotenganisha ukumbi na chumba cha watoto. Ukuta mzima, wa matofali, aliouchora yeye.

"Hapa," alisema.

Ilimchukua asubuhi yote. Aliongeza agizo jipya kwa vile vyekundu: tazama chumba cha watoto, ukiona kitupu, geuka uende mlangoni. Kisha akaubomoa ukuta kwa katikati akaweka dirisha refu la kioo, kutoka usawa wa kiuno hadi juu, kando ya madhabahu. Akaviachia. Vijitu vyekundu vikaanza kwenda mbele, vikasita, vikageuka kimoja kimoja, vikaungana na vingine. Korido ikabaki wazi.

"Bila mlango wa nje, dirisha halina kazi," alimwambia Bruce. "Na bila dirisha, mlango hauna kazi. Nataka vyote viwili."

"Na mzee Damascène? Msingi iko chini tayari."

"Mzee atanisikia."

Mzee hakumsikia. Kamati ilikutana kiwanjani kwenye viti vya plastiki, na alipomaliza kuonyesha, mzee alivua miwani akaifuta polepole kwa shati.

"Mwanangu, wiki mbili nyuma hivi vijitu vilitoka vizuri, nikamshukuru Mungu. Leo vimekwama. Kesho vitafanya nini? Watu si vidudu vya kompyuta. Ile ilikuwa hema na upepo, watu walichanganyikiwa. Ndani ya jengo la matofali, mtu akisikia hatari anakwenda mlangoni. Nimeongoza shule. Watu nawajua."

"Mzee, mimi nilikuwa pale ndani," alisema Mukabalisa, mkono wake ukiwa umefungwa plasta. "Kunivunja hawakunivunja kwa kuchanganyikiwa. Walijua kabisa wanachokitaka."

Baadhi ya wanakamati walicheka. Mzee hakucheka.

Jovia hakukasirika. Alijua kwamba yuko sahihi, na alijua vilevile kwamba mzee ana haki ya kutoamini nukta. "Basi tusibishane," alisema. "Hakuna tofali lililowekwa bado. Nipe Jumapili moja. Turubai la lile hema bado tunalo. Nitaisimamisha ramani hapa hapa, ukubwa wake halisi, kuta za turubai. Tutapuliza filimbi watu watoke. Wakienda wote milangoni, ramani inabaki kama ilivyo na mimi sisemi tena."

Mzee alivaa miwani. Alikuwa na uhakika wake. "Ni byo," alikubali. "Jumapili."

Walichora mistari kwa chokaa, wakasimika nguzo, wakatundika turubai kuta zilipotakiwa kuwa. Nyuma ya chumba cha watoto waliacha pengo la mlango. Mbele ya pengo hilo, kati ya watoto na ukumbi, turubai lilishushwa hadi chini. Mukabalisa aliingia na watoto. Aliwaambia kwamba wakisikia filimbi watoke kwa nyuma wakipiga kelele kadiri wawezavyo, na watoto hawahitaji kuombwa hilo mara mbili. Watu wazima waliambiwa tu kwamba wakati wowote wa ibada filimbi italia, na ikilia watoke nje.

Jovia alimpa filimbi Bruce, aliyekuja kumsaidia, kisha akapanda juu ya jukwaa la mafundi ili aone kutoka juu, kama alivyozoea kuona kwenye skrini.

Filimbi ililia kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Watoto wakapaza sauti nyuma ya turubai. Watu wakainuka, wengi wakageukia milango, kama walivyoambiwa, na kwa kitambo kidogo ilionekana mzee atashinda. Kisha mama mmoja akasimama katikati ya njia, akatazama mbele kule kelele zilikotoka, akarudi. Akafuatwa na mwingine. Baba mmoja akaanza kupita juu ya mabenchi. Mikondo ikakutana, ikashikana, na mdomo wa korido ukajaa watu wanaoitana majina.

Kimoja Jovia hakukitarajia: watu walisimama kuulizana. "Umemwona wangu?" Kila aliyeulizwa alisimama kujibu, na kila aliyesimama alimzuia aliye nyuma yake. Vijitu vyake havikuwahi kuulizana kitu. Kwa kweli hali ilikuwa mbaya kuliko kwenye kompyuta.

Halafu akamwona mzee Damascène. Alikuwa mbele, kiti cha heshima karibu na madhabahu, na sasa alikuwa mdomoni mwa korido, kofia imemtoka, mkono mmoja ameunyoosha juu ya mabega ya watu, anaita: "Manzi! Manzi we!" Manzi ni mjukuu wake.

Bruce alipuliza filimbi ya kumaliza. Watu wakaanza kucheka, wakiokotana na kukung'utana vumbi. Mzee alitoka wa mwisho. Alimkuta Manzi amekaa kwenye nyasi na wenzake, akimtazama babu yake kwa mshangao. Jovia aliposhuka jukwaani, mzee alikuwa amemshika mtoto mkono.

"Nilijua ni jaribio," mzee alisema. "Nimelikubali mimi mwenyewe. Lakini miguu imekwenda."

"Yangu pia ilikwenda, mzee. Siku ya upepo."

"Sasa nionyeshe hilo dirisha lako."

Wakalikunja turubai la kati, wakalifunga kwa kamba usawa wa kiuno, pengo refu kando ya madhabahu. Watoto wakarudishwa ndani, ibada ikaendelea, neno likahubiriwa, na filimbi ikalia tena. Watoto wakapiga kelele vilevile. Wazazi wakainuka vilevile, na wengi wakaanza kwenda mbele vilevile. Lakini safari hii waliona. Waliona vichwa vya watoto vikiishia kwenye mlango wa nyuma, wakamwona Mukabalisa akipunga mkono wake mzima, wakaona chumba kitupu. Mtu alisikika akisema, "Wametoka, twende," na watu wakageuka.

"Lakini safari hii walijua ni mchezo," Bruce alisema.

"Kweli. Kwa hiyo lishushe tena turubai."

Bruce akaenda akalishusha, na watu wakarudi ndani pamoja na watoto. Filimbi ya tatu ikalia. Watu walijua ni mchezo, walijua mlango wa nyuma upo, walikuwa wamechoka na wana njaa. Na bado, waliposikia watoto wao wasiowaona nyuma ya ukuta, korido ilijaa.

Mzee Damascène hakungoja mtu aseme kitu. Alimwita fundi mkuu, akatembea naye hadi kwenye mtaro wa msingi, akasimama mahali ambapo ukuta wa nyuma wa watoto ungepita. "Hapa mnafungua mlango," alisema. "Na pale ndani, Jovia atawaonyesha, hakuna ukuta mzima. Kuna kioo." Kisha akamgeukia Jovia mbele ya watu wote. "Na hivyo vijitu vyako usivifute. Ukumbi wa shule yangu ya zamani unajengwa upya mwakani. Nitakupeleka wakuone."

"Nitakwenda, mzee. Ila mwaka huu kwanza nitavifundisha kuulizana."

Walikula pamoja pale uwanjani, wali na maharage, watoto wakiendelea kukimbia ndani na nje ya kanisa la turubai wakijipulizia filimbi kwa midomo. Théoneste, mpiga gitaa wa kwaya, alikuja akaketi karibu na Jovia na Bruce, sahani mapajani.

"Mmetuhangaisha," alisema kwa furaha. "Mimi mara zote tatu nilitoka vizuri, mnajua? Mlango wa kushoto, wa kwanza kabisa."

"Vizuri," Jovia alisema.

"Halafu nikarudi."

"Ukarudi? Una mtoto kule mbele?"

"Sina mtoto. Gitaa." Alimeza. "Ungekuwa moto wa kweli, nisingeliacha gitaa langu liungue ndani, dada. Mara zote tatu nilirudi kulichukua."

Bruce alianza kucheka, na Jovia naye akacheka, lakini tayari alikuwa ameweka sahani chini na kupapasa mkoba wake kutafuta kompyuta. Aliifungua juu ya benchi, akavishusha vijitu vyote ukumbini, akachagua kimoja karibu na kwaya akakipaka rangi ya zambarau.

"Niambie polepole, Théoneste," alisema. "Ulipofika mlangoni, uligeuka kabla ya kutoka au baada?"